Kirusi cha Chama Kidogo

Waliokosa gazeti la Jumamosi iliyopita, poleni, lakini msinililie mimi, mlilieni mwuza magazeti wenu. Kwa kifupi: mimi ni Yustina, muuza njegere, viazi na mboga katika soko la Morogoro mjini, mke wa Severini, mama wa madume mawili. Nilikuwa natokwa damu kila baada ya mambo ya chumbani. Severini akaamua kwamba damu ya namna hiyo ni ya mwanamke anayetembea nje. Nikajiandikisha kwenye mradi wa kupima wanawake shingo ya kizazi, na bwana akaapa mbele ya msalaba wa ukutani kwetu kwamba nikikutwa na kirusi kile kinachoambukizwa chumbani, nitarudi milimani kwa mama yangu nikiwa na godoro kichwani.

Mliniacha nimekaa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari.

Basi nikaitwa.

Daktari wa mradi ni kijana mrefu anaitwa Abdi, mpole mpaka unamwonea huruma. Akanionyesha kiti.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai. Niambie nikiwa nimesimama. Kama ni kuanguka, nianguke mara moja."

"Haya. Basi nisikilize vizuri. Virusi hivi viko vya aina nyingi. Vinaitwa kwa namba. Kuna viwili ndivyo vinaongoza kwa kuleta saratani ya shingo ya kizazi, namba kumi na sita na namba kumi na nane. Kipimo chetu cha kwanza kimetafuta hivyo viwili."

"Na?"

"Kwako havikuonekana."

Jamani! Nilipiga kigelegele mpaka mgonjwa wa meno wa chumba cha pili akatoka na pamba mdomoni kuangalia ni nani ameolewa.

"Mama, subiri, sijamaliza! Kutokuonekana hivyo viwili si kusema kwamba hakuna kitu. Sampuli yako imepelekwa kwenye kipimo kingine. Na hiyo damu lazima tuiangalie!"

Wakati huo mimi tayari niko mlangoni.

"Asante, daktari! Mungu akupe mke mnene!"

Alisema na mengine, lakini nilikuwa nimeshafika getini.

Sasa mjue kidogo habari za Severini. Ni Mpogoro wa Mahenge. Alikuja Morogoro angali kijana kufanya kazi kiwandani, enzi zile mtu wa kiwanda akipita mtaani hata mbwa wanampisha njia. Kisha likaja soko huria. Kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakashikwa mkono wa kwaheri, na bwana wangu akaingia kwenye biashara ya viatu vya mitumba. Anavimwaga juu ya turubai kando ya soko. Ukitaka jozi, utatafuta mwenyewe, na ukiikosa atakuapia kwamba Ulaya ndivyo wanavyovaa siku hizi.

Nilimwendea na jirani yangu wa mezani, Asia, muuza nyanya, akinipigia debe tupu kwa mwiko.

"Severini! Godoro liko wapi?"

"Godoro gani, Mama Evance?"

"La kurudi nalo milimani! Lilete nikuonyeshe linavyorudi kitandani!"

Wauza viatu wote wakainuka. Severini akabaki ameshika raba moja mkononi.

"Wamesemaje?"

"Sina! Kumi na sita sina, kumi na nane sina!"

Kutoka kibanda cha pili akadakia jamaa mmoja, "Shemeji, na kumi na saba je?"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Leo nawaambia, yule mpuuzi ndiye mtu pekee aliyeuliza swali la maana siku ile.

"Mke wangu, nisamehe," Severini akasema. "Ni shetani."

"Shetani hauzi viatu. Ni wewe."

"Basi ni mimi. Nisamehe."

Nikamsamehe, kwa masharti. Doti ya kanga, na karamu Jumapili baada ya misa, ndugu zangu wote wakiwepo, wasikie kwa masikio yao.

Karamu ilifanyika nyumbani kwetu Bigwa, mlima uko nyuma ya choo. Wa kwanza kufika alikuwa Mjomba Thobias, kaka wa mama yangu, ameshuka na mkungu wa ndizi begani na fimbo ambayo haihitaji.

Hapa wageni wa mji niwaeleze. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba nalo linafuata tumbo la mwanamke. Mimi ndiye binti pekee wa mama yangu Agnes, nami nimezaa wanaume wawili. Wanaume ni wazuri, hata maji wanachota wakiamua, lakini watoto wao watahesabika kwa wake zao. Nikifa bila binti, mlango wa mama yangu umefungwa, na shamba letu la migomba kule juu linakwenda kwa watu wengine. Mjomba Thobias hajaniacha nipumue tangu nilipomwachisha ziwa mtoto wa pili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nimesikia kizazi chako kizima."

"Kizima kabisa, mjomba."

"Basi kinangoja nini?"

Akamgeukia Severini. "Mkwe, umesikia? Sasa huna pa kujifichia."

Severini akainamia sahani yake kama mtu anayetafuta mchele uliokimbia.

Tukala, tukacheka. Nilikuwa nimejitengea paja la kuku la heshima yangu mwenyewe. Ukatokea mkono nyuma ya bega langu, ukalibeba.

"Kula, marehemu, kula. Bakiza mfupa, tuuzike pamoja na wewe."

Sikuhitaji kugeuka. Ni Maimuna. Huyu Maimuna ni nesi wa kliniki ileile ya mradi, lakini kabla ya kuwa nesi ni mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mabibi wa mabibi. Na mtani, ndugu msomaji, ana ruhusa ambayo hata polisi hana. Anakutukana mbele ya mkweo. Anachukua kitu chako na harudishi mpaka ukikomboe. Anakuombolezea ungali hai. Ukikasirika, umeshindwa, na unatozwa kuku.

"Tangulia wewe," nikamjibu. "Sura hiyo kaburi lenyewe litakuomba uvae ushungi."

"Nikitangulia nani atakuosha? Wewe unahitaji mtu mwenye brashi ya chuma."

Mjomba akapiga goti lake kwa furaha. Karamu bila mtani ni chai bila sukari.

Maimuna akatafuna, akameza, akafuta mkono kwenye kanga yangu mpya.

"Yustina, daktari anakutafuta. Umekimbia kabla hajamaliza."

Watu wakaanza kucheka.

"Nasema kweli. Walitafuta vile viwili vikubwa tu. Viko na vingine, vya pembeni, havijulikani sana. Angalieni vyama. Kuna chama kikubwa, kila mtu anakijua mpaka nyimbo zake. Halafu kuna vyama vidogo, ofisi yao iko nyuma ya kinyozi, mwenyekiti na mweka hazina ni mtu na shemejiye. Unavicheka. Lakini siku ya uchaguzi unasikia kuna jimbo limechukuliwa na hicho hicho cha nyuma ya kinyozi. Na mbunge ni mbunge tu! Sasa huyu, jimbo lake hatujui kalichukua nani."

Nyumba nzima ilianguka kwa kicheko. Mjomba ilibidi apigwe mgongoni. Severini, aliyekuwa amekunywa kidogo, akasimama na bilauri.

"Jimbo hili lina mbunge mmoja! Mimi!"

"Mnacheka nini?" Maimuna akapaza sauti. "Huyu anatoka damu. Asipotibiwa atakufa!"

"Atakufaaa!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama kwenye kwaya.

Nikamwona uso umembadilika. Akanifuata jikoni nilipokwenda kuongeza mchuzi, akanishika kiwiko.

"Yustina, huu si utani."

Kwetu sijawahi kusikia utani ambao haukuanza kwa maneno hayo. Alishaniambia vivyo hivyo siku ya harusi yangu, kwamba si utani, bwana harusi amepanda treni ametoroka, na nikalia mpaka wanja ukafika shingoni, kumbe yuko nje anavalishwa tai.

"Na mimi si utani," nikamwambia. "Rudisha paja langu."

Akaniangalia, akaondoka bila kuaga. Tukamcheka kwa kuwa ameshindwa.

Karamu ikapita, damu haikupita.

Severini, baada ya hotuba yake ile, alikuwa anahudhuria vikao vyote vya jimbo bila kukosa. Na kila baada ya kikao mimi naamka kimya kimya, nabeba shuka, nailoweka. Nikamwambia ni rangi ya kanga mpya inachuja. Mwanaume akiwa na furaha anaamini chochote. Kiuno nacho kikaanza kuniuma kwa chini. Nikasema ni magunia ya viazi. Kila kitu kilikuwa na jina lake, isipokuwa lile jina moja.

Kwa nini sikwenda? Mtaniuliza hivyo kwenye barua zenu, na mama mmoja wa Kihonda ataniita tena mbumbumbu. Ni kweli, mama, lakini nisikilize na mimi. Nilishatangaza ushindi soko zima. Nilishapigiwa debe. Ukishapigiwa debe, unarudije kwa daktari kwa mguu huohuo? Na mjomba ameshaanza kupalilia shamba la mjukuu ambaye hajatungwa. Niliogopa. Hilo ndilo jibu, na mengine ni mapambo.

Siku moja, soko limechangamka, nikamwona Maimuna anakuja na sare yake nyeupe. Nikajua leo ataniibia kabichi.

"Hujambo, maiti?"

"Sijambo, mchimba kaburi. Leo unaiba nini?"

Akanyoosha mkono kwenye mizani yangu, akachukua jiwe la kilo, akalitia kwenye mfuko wa sare. Akageuka.

"Wee! Maimuna! Lete jiwe!"

"Litakombolewa kliniki. Leo. Peke yako."

"Nitapimia nini njegere?"

"Pimia kichwa chako, hakina kazi nyingine."

Soko lote linashangilia. Nani atamzuia? Ni mtani, haki yake. Nikamwangalia Asia, Asia akawa anajifuta machozi ya kicheko kwa kanga.

"Nenda ukalikomboe, shoga. Mimi nitakuangalizia meza."

Muuza njegere bila jiwe la kilo ni padri bila kanzu. Nikafunga mkaja, nikaenda, njia nzima naandaa matusi. Nilikuwa na moja zuri sana kuhusu pua yake. Siku ile sikulitumia.

Kwa sababu nilipoingia tu, mlango ukafungwa nyuma yangu, na Dakta Abdi alikuwa amesimama pale kando ya kitanda kile cha kuning'iniza miguu.

"Mama Evance," akasema, "karibu sana. Tumekutafuta."

"Nimefuata jiwe langu."

"Panda kitandani," Maimuna akasema, "ndipo utalipata."

Nikapanda. Nilikuwa nimechoka kukimbia, nadhani. Kwanza wakanipima mkojo, sikujua wa nini. Halafu daktari akachovya pamba kwenye kichupa, na harufu nikaijua.

"Siki? Unanitengeneza kachumbari?"

"Sehemu iliyobadilika ikipakwa siki inageuka nyeupe," akasema. "Sehemu nzima inabaki na rangi yake."

"Na mimi?"

Maimuna akaisogeza taa karibu.

"Ipo sehemu nyeupe," daktari akasema. "Vaa, mama, tuongee. Safari hii utakaa."

Nikakaa.

"Kile kipimo cha pili kimerudi," akaanza. "Kimekuta kirusi. Si kumi na sita wala kumi na nane. Ni namba hamsini na tisa. Katika wanawake wote tuliowapima hapa, wenye hiki ni wachache mno."

"Basi nimeshinda bahati nasibu."

"Wengi wanaokipata, mwili unakitoa wenyewe, hata hawajui. Na hata kikibaki, hakifiki mara nyingi kwenye saratani kama kile cha kumi na sita. Lakini ninaposema si mara nyingi, mama, sijasema haiwezekani. Kwako kimebaki, na shingo ya kizazi imeanza kubadilika."

"Chama kidogo," Maimuna akasema taratibu.

"Nilikuwa nataka kukueleza siku ile," daktari akasema, bila hata kunilaumu, na hilo likaniuma kuliko angenifokea. "Na kuna jambo la pili. Una mimba. Changa bado."

Msomaji, nilicheka. Nililia. Sijui kipi kilitangulia. Nikajishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Ni binti," nikasema.

"Haijulikani bado, mama."

"Mimi najua."

Akaniacha nipumue kidogo, kisha akaendelea. Lazima akate kinyama kidogo mno kwenye ile sehemu nyeupe, kipelekwe Dar kikaangaliwe kwa darubini. Hakitamdhuru mtoto. Kama ni mabadiliko ya juu juu tu, tutasubiri nijifungue, kisha wataondoa kipande kidogo, na nitabaki na kizazi changu.

"Na kama siyo ya juu juu?"

"Kama ni saratani, na imeshaingia ndani, huenda tukalazimika kutoa kizazi. Na huenda tusiweze kusubiri."

"Na mtoto?"

Dakta Abdi akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vya mitumba, nadhani vya Severini.

Nikamwambia akate.

Jioni yake Severini akapelekewa habari na Asia, aliyekuwa amenifuata kliniki na ambaye hajui kutunza hata nyanya. Akafika kliniki nikiwa bado pale, amefura, amesahau hata kuwasalimu watu.

"Nani kakuletea hicho kirusi? Sema hapa mbele ya daktari!"

"Bwana Severini," Abdi akasema, "kirusi hiki hakiji na tarehe. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi ndipo kionekane. Kipimo hakisemi kimetoka kwa nani wala lini. Hapa hatutafuti mchawi, tunamtibu mgonjwa."

"Wewe ulinioa ukanikuta bikira au hukunikuta?" nikamwuliza. "Sema hapa mbele ya daktari."

Akakubali kwa kichwa. Maimuna akaegemea ukuta, mikono kifuani.

"Mheshimiwa mbunge, kabla ya jimbo hili uligombea wapi?"

Severini akaangalia dari. Akaangalia sakafu.

"Kingolwira," akasema. "Zamani. Kabla ya ndoa. Mara moja tu."

"Mara moja tu," Maimuna akasema, "na treni iliyokuwa inakupeleka kila mwisho wa mwezi, eti kuangalia wafungwa wa gereza la kule?"

Nesi huyu anajua mambo ya mji mzima, mkae naye vizuri. Godoro lile la kurudi nalo milimani lilihamia sebuleni siku hiyohiyo, na bwana juu yake. Lakini niseme haki. Kesho yake aliamka kabla yangu, akachota maji, akaloweka shuka ile mwenyewe, akaisugua.

Kisha likaanza lile la kusubiri.

Mjomba Thobias alisikia nusu ya habari, nusu aliyoitaka. Akashuka na maharage na kuku jike, akaliita tumbo langu kwa jina la mama yangu.

"Agnes ameamkaje?"

"Mjomba, kuna jambo. Daktari anasema huenda wakatoa kizazi."

"Kizazi hakitolewi. Kizazi si jino."

"Kina ugonjwa."

"Hicho kizazi si chako peke yako, Yustina. Ni cha ukoo mzima."

Hapo nikapandwa na hasira. Sijawahi kumjibu mjomba wangu tangu nizaliwe, na milimani mtu akisikia hili atatema mate.

"Cha ukoo mzima, mjomba? Basi mbona kinavuja kwangu peke yangu? Ukoo mzima njooni mloweke shuka!"

Fimbo ikamponyoka. Halafu mzee yule akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Inauma, mwanangu?"

"Inauma, mjomba."

Akabaki. Mpaka leo yuko kwangu Bigwa, anamenya viazi vibaya mno.

Na Maimuna? Maimuna alikataa kurudisha jiwe. "Utalikomboa majibu yakija," akasema. Nikawa naazima la Asia. Kila asubuhi, akielekea kazini, lazima apite mezani kwangu.

"Bado hujafa? Unatuchelewesha, nimeshashona nguo ya msiba."

"Ivae kwenye harusi yako, kama atapatikana kipofu."

"Marehemu ana mdomo!"

"Mwizi ana sare!"

Soko linacheka, naye anabeba karoti moja, anakwenda zake. Sikumwambia, lakini zile asubuhi ndizo zilizonishikilia. Nilikuwa najua: maadamu Maimuna ananitukana, majibu hayajaja, na kama yamekuja ni mazuri. Nikisikia ameniita marehemu, nakula. Siku alipokuwa zamu ya mbali akakosa kupita, sikula.

Mpaka juzi Alhamisi.

Nilikuwa napima njegere za mama mmoja wa Mazimbu, mbishi sana, anataka maganda yatolewe kabla ya kupima. Nikamwona Maimuna anaingia upande wa wauza nyanya. Nikamwacha yule mama, nikajiweka sawa kiunoni.

"Haya, mwizi huyo! Asia, funika karoti!"

Asia akaanza kucheka mapema, kama kawaida yake.

Maimuna hakupiga kelele. Alipita katikati ya watu, anawapisha, anasema samahani. Akazunguka meza, akafika upande wangu. Akatoa jiwe la kilo mfukoni. Lilikuwa limeoshwa. Akaliweka kwenye sahani ya mizani, taratibu, lisitoe sauti.

Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada Yustina."

Mimi na Maimuna ni rika, tumechezwa ngoma ya unyago mwaka mmoja. Hajawahi kunipa shikamoo, hata ya kejeli.

"Nani dada yako?" nikasema. "Chukua jiwe lako. Sijalikomboa."

"Liache tu, dada."

"Mwizi gani anarudisha bure? Mdomo wako uko wapi? Umeuacha kwa kinyozi, kwenye ofisi ya chama?"

Nikamtukana pua. Nikamtukana ukoo wake, mabibi zake, tusi moja juu ya lingine, yale mazuri niliyokuwa nayaweka akiba. Alisimama pale akiyapokea kama mtoto aliyetumwa.

"Nitukane, Maimuna."

"Dada..."

"Niite marehemu. Uliniita jana. Niite hata mara moja, nakuomba."

Akanishika mkono wenye njegere. Njegere zikamwagika juu ya meza.

"Tafuta mtu akukalie mezani, dada," akasema. "Daktari anakungoja."

Asia, maskini, alikuwa bado anacheka. Alidhani ni utani mpya.